Mkesha wa Mwaka Mpya Arusha na Moshi: maswali ya wageni wanaoishi na kufanya kazi hapa

Ukurasa huu ni wa Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi, Wakongo na wengine waliohamia Arusha au Moshi kikazi: kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahakama, utalii, hospitali, shule na mashirika. Kiswahili mnakijua. Kinachowasumbua wengi ni desturi za usiku wenyewe, na hasa kwamba usiku huu hupangwa mchana. Ukishafika saa nne bila meza, bila nyama na bila dereva, pesa nyingi haziwezi kukuokoa.

Mbona saa tatu usiku sehemu nyingi ziko nusu tupu? Watu wako wapi?

Wako kanisani au nyumbani. Mkoa wa Kilimanjaro na Arusha mjini kuna Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste wengi, na kwa familia nyingi Desemba 31 ni usiku wa ibada ya mkesha kabla ya kuwa usiku wa muziki. Ibada nyingi huanza kati ya saa tatu na saa nne usiku, na nyingine huvuka saa sita. Watu wakitoka hapo, wengine hurudi kulala na wengine ndiyo wanaingia mjini. Kwa hiyo kuna mawimbi mawili: wanaokula mapema na kubaki mezani hadi saa sita, na wanaoingia kuanzia saa sita na nusu. Wimbi la pili huwa kubwa, huja kwa pamoja, na ndilo linalomaliza viti, nyama na teksi.

Mgeni hufaidika akiwa kwenye wimbi la kwanza. Fika saa mbili, kula kwa utulivu, uwe umeshatulia kitini wakati wengine wanatafuta pa kuegesha gari. Na ukialikwa na mwenzako wa kazini kwenda kanisani kwanza, usidhani anakutania. Huo ndio mwaliko wenyewe wa sikukuu.

Je, Desemba 31 ni siku ya mapumziko?

Hapana. Mapumziko ni Januari 1. Ofisi nyingi hufanya kazi Desemba 31 ingawa mchana watu huanza kupungua. Sikukuu inayofuata ni Januari 12, Mapinduzi ya Zanzibar.

Arusha au Moshi, kupi ni bora?

Inategemea unataka nini. Arusha ni jiji, na sehemu zake zimetawanyika: Njiro, Sakina, Kijenge, Sekei, katikati ya mji, na Kwa Mrombo ambako watu huenda kwa ajili ya nyama choma. Ukichagua vibaya utatumia usiku mzima kwenye gari. Moshi ni mji mdogo, umbali ni mfupi, na unaweza kubadilisha kiwanja cha starehe ndani ya dakika kumi.

Ila Moshi ya mwisho wa Desemba si Moshi ya Agosti. Wachagga wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, na wengi hawaondoki mpaka mwaka mpya uingie. Mabasi ya kutoka Dar hujaa kuanzia katikati ya Desemba, vyumba vya kulala hupotea, na magari yenye watu wa Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo hushuka mjini jioni. Raha yake ni kubwa kwa sababu watu wanakutana baada ya mwaka mzima, na utaona meza ya watu wanne ikigeuka kuwa ya watu kumi na watano. Kama unakaa Arusha na unataka kusherehekea Moshi, weka chumba cha kulala huko. Ni kilomita 80 hivi, na kurudi usiku ule ule hatukushauri kabisa. Sababu ziko kwenye swali la usafiri.

Tofauti nyingine ni baridi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba unaweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini kidogo. Moshi iko chini, chini ya mita 1,000, na kuna joto zaidi. Ukikaa bustanini Arusha beba sweta au koti jepesi hata kama mchana ulikuwa wa jua kali, kwa sababu mvua za vuli wakati mwingine huchelewa kuisha na ardhi huwa na unyevu.

Niweke meza lini, na niulize nini?

Wiki mbili kabla zinatosha kwa sehemu nyingi, lakini namna ya kuweka ndiyo muhimu. "Nitakuja na watu wanane" kwa simu si kuweka meza, ni maongezi. Nenda mwenyewe mchana, onana na meneja, chagua meza kwa macho yako, kisha lipa kishika nafasi na udai risiti yenye jina lako, tarehe, idadi ya watu na namba ya meza. Piga picha risiti hiyo. Usiku wa sikukuu mhudumu mgeni aliyeajiriwa kwa siku tatu hajui uliongea na nani.

Uliza mambo haya kabla ya kutoa hela. Kiingilio kipo? Kama kipo, kinajumuisha kinywaji au ni mlango tu? Kishika nafasi kinakatwa kwenye bili au kinapotea? Kuna kima cha chini cha matumizi kwa meza? Meza inashikiliwa mpaka saa ngapi kabla haijapewa wengine? Hili la mwisho ndilo linalogombanisha watu zaidi, maana wengi hulipa, wakafika saa tano, wakakuta meza imekaliwa. Uliza pia kama kuna jenereta. Umeme ukikatika saa sita kasoro dakika tano, sehemu isiyo na jenereta imekwisha.

Angalia spika ziko wapi. Meza iliyo mbele yake inapendeza kwenye picha, lakini hamtasikilizana hadi asubuhi.

Nyama niagize kiasi gani, na kwa nini inachelewa hivi?

Nyama choma hupimwa mbichi, pamoja na mfupa. Ikishachomwa hupungua karibu theluthi moja kwa maji na mafuta yanayotoka. Kwa mtu mzima anayekula na ndizi choma au ugali, robo tatu kilo ya mbuzi ni nyingi, nusu kilo inatosha, na robo ni ya kuonja. Watu wanane: kilo nne za mbuzi, au kilo tatu za mbuzi na kuku mzima mmoja. Ongeza ndizi choma mbili kwa kila mtu na kachumbari ya kutosha, kwa sababu usiku huo kachumbari huisha mapema kuliko nyama.

Kuchelewa kuna sababu. Siku ya kawaida kilo mbili za mbuzi huchukua dakika 45 hadi saa nzima kwa moto wa wastani. Desemba 31 jiko ni lile lile, mchomaji ni yule yule, na oda ni mara tatu. Wanachofanya wengine ni kupandisha moto, na hapo ndipo unapoletewa nyama nyeusi nje na yenye damu karibu na mfupa. Ukikuta hivyo irudishe kwa upole: "Naomba mnirudishie jikoni kidogo, bado haijaiva." Usile kwa aibu, hasa kuku.

Dawa ni moja: agiza dakika ile ile unapokaa, kabla hata ya vinywaji. Nenda buchani pale pale, chagua kipande, shuhudia mizani, na mwambie mchomaji muda unaotaka. Bora zaidi, iagize mchana kwa simu na ulipe nusu. Wanaoingia baada ya saa sita wasitegemee mbuzi. Kwao kuna supu, mishikaki na chipsi mayai, na hakuna ubaya.

Neno "kitimoto" ubaoni maana yake nini?

Nguruwe. Wageni wengi hawalijui na wameagiza bila kujua. Kama huli nguruwe, usiishie kuuliza aina ya nyama tu, uliza pia kama inachomwa kwenye wavu huo huo. Sehemu zinazouza kitimoto mara nyingi hutenga jiko, lakini si zote.

Vinywaji: nipime vipi?

Chupa ya kawaida ya bia hapa ni mililita 500, kubwa kuliko wanayoizoea baadhi ya wageni. Kilimanjaro ina kilevi asilimia 4.5, Safari 5.5, na Konyagi, ambayo ni pombe kali, 35. Piga hesabu: chupa moja ya Kilimanjaro ina karibu mililita 22 za kilevi halisi, Safari 27, na chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 200 ina 70, sawa na Kilimanjaro tatu. Mwili wa mtu mzima huondoa karibu mililita 10 kwa saa, na kahawa, supu au kuoga hakuharakishi. Aliyekunywa Kilimanjaro nne kuanzia saa sita hadi saa nane usiku, kilevi humwisha karibu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba hata safari ya Januari 1 asubuhi ihesabiwe.

Mhudumu akiuliza "baridi au moto?", moto ni ile isiyotoka kwenye friji.

Usinywe gongo wala pombe kali isiyo na nembo na kizibo kamili, hata ukiambiwa imetoka kwa babu. Pombe ya kienyeji ya kukenekwa inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Mbege ni jambo jingine kabisa, tumeizungumzia chini.

Nilipeje? M-Pesa yangu ya Kenya itafanya kazi?

Jina ni moja, mifumo ni miwili. Laini ya Kenya hailipi kwenye Lipa Namba ya Tanzania kama unavyolipa till kule kwenu. Ukikaa hapa unahitaji laini ya Tanzania, ambayo mgeni husajili kwa pasipoti na alama za vidole. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla, si Desemba 31 mchana.

Lipa Namba inapokelewa karibu kila mahali, lakini usiku huo mtandao huzidiwa kwenye saa sita, watu wote wanapotuma salamu na hela kwa pamoja. Ujumbe wa uthibitisho unachelewa, mhudumu anakataa kukuachia, nawe ukilipa tena unajikuta umelipa mara mbili. Suluhisho: lipa bili ya kwanza saa tano na nusu, halafu fungua nyingine. Kabla ya kubonyeza, soma jina la biashara linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu binafsi usilolijua, simama uulize.

Beba pia taslimu. Noti kubwa kuliko zote ni ya 10,000, kwa hiyo laki tatu ni noti thelathini na haziingii vizuri mfukoni. Zigawe sehemu mbili. Toa hela Desemba 30, kwa sababu mashine za benki huishiwa na mawakala hukosa fedha. Dola na shilingi za Kenya zibadilishe mchana: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kufanya malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na anayekubali noti zako usiku atakupangia kiwango anachotaka.

Kabla ya kulipa hesabu chupa. Ni desturi nzuri kuomba chupa tupu zibaki mezani au chini ya meza hadi bili ije. Hakuna atakayeona umemdharau. Dai risiti ya mashine.

Nitarudije nyumbani?

Hili ndilo swali tunaloomba ulisome mara mbili. Daladala hazikungoji baada ya saa nne, na usiku huo madereva wengi wako kwao. Programu za kuita usafiri hufanya kazi, lakini kuanzia saa sita hadi saa tisa magari ni machache, bei hupanda, na dereva anayekubali huweza kufuta safari akipata abiria wa karibu zaidi.

Tafuta dereva wa teksi unayemjua, au anayejulikana na mlinzi wa mtaani kwenu, angalau siku tatu kabla. Patana bei ya kwenda na ya kurudi. Lipa ya kwenda tu. Ya kurudi mpe mkishafika. Taja saa kamili, na usiiweke saa sita na nusu kama kila mtu. Saa nane au saa kumi barabara ni nyepesi. Mwambie pia mtakutana mlango gani, maana nje ya sehemu kubwa kunakuwa na magari hamsini na simu hazisikiki. Andika namba za gari.

Bodaboda usiku huo, hapana. Hata kama dereva hajanywa, wanaokutana naye barabarani wamekunywa, na barabara za Njiro au Rau zina sehemu zisizo na taa. Kama hakuna njia nyingine, bajaji ni afadhali kidogo kwa umbali mfupi.

Barabara ya Arusha–Moshi hupita kwenye makazi, Tengeru, Usa River, Bomang'ombe, kukiwa na waenda kwa miguu wanaotoka mikesha, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyosimama pembeni. Dereva aliyechoka akienda kilomita 80 saa tisa usiku anacheza na maisha ya watu wake. Laleni huko huko.

Mwenye gari katika kikundi asiwe "anayekunywa kidogo". Awe asiyekunywa kabisa, na wengine wamlipie chakula na soda usiku kucha. Ni heshima ndogo kwa kazi kubwa.

Nitembee na hati gani?

Nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaazi, na picha zake kwenye simu. Za asili ziache nyumbani zimefungiwa. Ukisimamishwa na polisi, salimia kwanza, toa nakala, eleza unakaa wapi na unafanya kazi wapi.

Marafiki wanakuja kutoka Nairobi na gari lao. Wajiandae vipi?

Ni karibu kilomita 270 kupitia Namanga. Waje na pasipoti. Kitambulisho cha taifa cha Kenya peke yake hakitoshi kuingilia Tanzania. Gari linahitaji kibali cha muda kutoka forodha na bima inayotambulika hapa, yaani Yellow Card ya COMESA, na kadi halisi ya gari. Kama si la dereva, barua ya mwenye gari. Wavuke Desemba 30. Desemba 31 mchana foleni ya mpakani inaweza kula nusu siku. Na waambiwe mapema kwamba kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye kipima mwendo wako kazini hata sikukuu.

Niwapigie wa nyumbani saa ngapi?

Nairobi na Kampala saa zao ni sawa na zetu. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu, Lubumbashi na Juba wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mwaka wao unaingia saa saba usiku ya hapa. Kinshasa ni saa nane. Kwa Wakongo na Warundi hii ni neema: saa sita mtandao umejaa, saa saba umeshapumua.

Tunaweza kupiga fataki nyumbani?

Si bila kibali cha polisi. Kuchoma matairi barabarani nako kunakatazwa kila mwaka. Kama mnafanya sherehe nyumbani yenye muziki mkubwa, mwone mwenyekiti wa mtaa siku kadhaa kabla, akuelekeze taratibu za kibali, kisha uwapitie majirani wa pande zote. Ukimwalika jirani, malalamiko hupungua sana.

Nimealikwa kwao mwenzangu, Kibosho. Niende na nini?

Usiende mikono mitupu. Sukari kilo kadhaa, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, au kreti ya soda. Mpe mama wa nyumba, si mwenzako. Wazee wote wasalimie "shikamoo", na ungoje "marahaba" kabla ya kuendelea na maongezi. Wageni wengi kutoka Kenya na Kongo hawana mazoea hayo, na hapa kuiacha salamu hiyo huonekana kama kiburi hata kama hukukusudia.

Mbuzi akichinjwa, nyama hugawiwa kwa mpangilio wa ukoo. Kuna vipande vya baba mkubwa, vya shangazi, vya wakwe. Usijichagulie, ngoja ukatiwe. Utapewa pengine mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na kisusio chenye damu ya mbuzi. Kisusio unaweza kukataa kwa kusema "naomba nisamehewe, sijazoea", na hakuna atakayekasirika.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ni tamu kidogo, chungu kidogo, nzito kama uji, na nguvu yake hubadilika kila siku inayopita. Kata moja ni ya heshima. Ya pili inywe ukiwa umekaa na umeshakula.

Ukiona majani ya isale yamepandwa mpakani au yameshikwa mkononi, usiyachume wala kuyachezea. Kwa Wachagga ni jani la amani na msamaha, na wakati huu wa mwaka ndugu waliokosana huombana radhi.

Sinywi pombe. Nitaonekana mzito?

Hapana kabisa. Watu wengi hapa hawanywi, kwa dini au kwa hiari. Agiza soda, maji au juisi, changia bili ya chakula, inatosha.

Rafiki amezidiwa. Nifanye nini?

Akiongea na kutembea, mpe maji, mkalishe penye hewa, asiachwe peke yake. Akilala asiamke anapoitwa, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke, usimpe kitu mdomoni, mpeleke hospitali: Moshi kuna KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru na ALMC. Akilalamika macho hayaoni vizuri au anaona ukungu baada ya kunywa pombe isiyojulikana, usisubiri asubuhi. Hivyo hivyo kwa aliyelewa ghafla baada ya kinywaji kimoja: huenda amewekewa kitu. Kinywaji kilichoachwa mezani bila mtu kimwagwe, hata kama kilikuwa ghali.

Namba ya dharura ni 112, na Zimamoto ni 114. Usitegemee gari la wagonjwa lifike haraka usiku huo. Yule dereva wa teksi mliyepatana naye huwa karibu zaidi.

Januari 1 tunataka kwenda chemchemi ya Chemka kuoga. Vipi?

Nusu ya mji wana wazo hilo hilo. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mfike kabla ya umati, na mrudi saa tano. Barabara ya kuingilia kutoka Bomang'ombe ni ya vumbi, na mvua ikinyesha gari dogo hukwama. Maji ni mazuri lakini yana kina, na aliyekesha na bia asiingie. Abaki ukingoni alinde nguo.